Fundi wa Mipini ya Bastola za Hewa

Mume wangu Kipketer ametengeneza mipini sitini na mitatu ya bastola, na hajawahi kufyatua bastola hata moja. Najua watu wakisikia bastola wanarudi nyuma hatua mbili, kwa hivyo niseme mapema: hizi ni bastola za hewa, za mashindano. Zinatoa kirisasi kidogo kama punje ya pilipili manga na kutoboa karatasi iliyo mita kumi mbele, basi. Zinalala ndani ya sefu ya klabu na ufunguo anao kocha. Kinachokuja kwetu hapa Gilgil mjini ni mpini peke yake, na kipande cha mbao hakihitaji leseni.

Mimi naitwa Wawira. Ni mtu wa Embu, yeye ni Mtugen, na miaka ishirini na sita baada ya harusi mamake bado huniuliza kama nimezoea mursik, yale maziwa yao ya kibuyu. Nimezoea! Karakana yake iko nyuma, jiko langu la chai na mandazi liko mbele. Moshi wangu unaingia kwake, vumbi lake la mbao linaingia kwenye chai yangu. Tumegombana juu ya hilo tangu mwaka wa kwanza na sioni tukimaliza leo wala kesho.

Alianza kama fundi wa vitanda. Alikuja Gilgil kwa sababu kuna kambi, na mwanajeshi akihamishwa anataka sanduku la mbao la kubebea vitu vyake. Halafu mwaka wa 2003 mzee mmoja aliyestaafu jeshini akamletea mpini uliopasuka. Kipketer aliugeuza mara tatu akauliza, "Hii ni ya nyundo gani?" Yule mzee alicheka hadi akakaa chini. Alipomaliza kucheka akamweleza kwamba katika mchezo huu unashika kwa mkono mmoja tu, umeunyoosha, hauegemei popote. Mpini ukikaa vibaya hata kwa unene wa karatasi, risasi inahama. Kila mtu ana mkono wake, kwa hivyo kila mtu anataka mpini wake.

Neno hilo lilimwingia mume wangu likakaa. Tangu siku hiyo akisalimiana na mtu kanisani anaushika mkono mpaka mwenyewe anamuuliza kama kuna shida. Anakwambia fulani ana kidole cha kati kirefu kuliko kawaida, fulani kiganja chake hakina nyama. Majina ya watu anayasahau, lakini mikono yao, ng'o, hasahau.

Njia yake ya kupima aliibuni mwenyewe, na imekula unga wangu miaka ishirini. Anachukua donge la unga wa chapati, uliokandwa kwa maji na chumvi nyingi bila mafuta. Analizungushia kijiti alichokichonga kama kiungo cha bastola, pale mpini unapovaa. Mwenye mkono anakuja asubuhi, kabla mkono haujavimba kwa kazi, anashika, ananyoosha, anavuta pumzi tatu, anaachilia. Donge linabaki na alama za vidole vyote. Kipketer analiweka juu ya boriti siku mbili likauke liwe kama jiwe, kisha analinakili kwa patasi na tupa kwenye mutamaiyo, mzeituni wa mwituni. Mbao hizo anazitoa kwenye nguzo kuukuu za ua wa mashamba ya walowezi, mti mgumu kweli, unaovunja meno ya msumeno.

Siku za mwanzo niliona wivu, nakiri. Mwanamke nisiyemjua anaminya unga wangu, na mume wangu ameinama anatazama vidole vyake kama mtu anayesoma barua! Nilimwambia, "Baba Jepleting, siku moja huo unga nitakupaka usoni." Akanijibu ninyooshe mkono nipimwe na mimi. Nilikataa, nikamwambia mkono wangu anaujua tayari, na akileta mchezo ataujua zaidi.

Kati ya hao wanawake alikuwepo Chesang. Yeye anakata waridi kwenye shamba la maua kule Kamere, kando ya Ziwa Naivasha. Kocha wa klabu yetu, Ndung'u, alimwona kwenye siku ya michezo ya wafanyakazi akirusha vishale ubaoni, akamwambia aje Gilgil Jumamosi. Amekuja kila Jumamosi kwa miaka tisa. Kwa ajili ya ile mikasi ya kukatia maua, nyama ya chini ya kidole gumba chake imejaa kama kiazi, na hakuna mpini wa dukani ulioutosha mkono huo. Kipketer amemtengenezea minne.

Mara mbili Chesang amejaribu kuingia timu ya taifa. Mara ya kwanza alikosa kwa alama nne, mara ya pili kwa alama moja. Alama moja, jameni! Alikaa kwenye benchi yangu siku hiyo akanywa vikombe vitatu vya chai. Mwaka huu alipotimiza miaka thelathini na tisa alituambia waziwazi, "Mathe, hii ya tatu ndiyo mwisho. Nikikosa narudisha kila kitu. Nimechoka kumbembeleza supavaiza anipe ruhusa." Alama zilizotakiwa ni mia tano hamsini na sita kati ya mia sita, katika majaribio ya Nakuru, mwezi wa nane.

Mwezi wa sita klabu ikapata bastola mbili za modeli mpya. Ndung'u alituita tuje tuzione, mimi nikaenda na beseni la mandazi kwa sababu siendi mahali mikono mitupu.

Zile za zamani zilikuwa kitu ambacho mtu anaelewa: chuma, bomba la hewa, mpini wa mbao. Hii mpya ilikuwa na matundu madogo juu ya mtutu, ya kutolea hewa ili mdomo usiruke. Ndani mna kizito kinachorudi nyuma risasi ikienda mbele, ili mkono usisikie teke. Ile ncha ya mbele ya kulengea ina kitufe, ukikizungusha inanenepa au inakonda. Chini ya mtutu kuna vijiti vya kuongeza uzito, unavisogeza mbele au nyuma upendavyo. Na triga ni ya umeme, inachajiwa kwa waya kama simu.

"Na stima zikipotea?" Kipketer akauliza.

"Iko na betri, mzee."

"Na betri ikiisha?"

"Si unachaji."

"Na stima zikipotea?"

Ndung'u alicheka, sisi wote tukacheka, halafu akatuonyesha mpini. Ulikuwa wa plastiki nyeusi juu ya kiunzi cha alumini, na ulikuwa na skrubu tano. Ukilegeza hii unainama mbele, hii unalala kando, hii unajipinda, hii inapandisha kile kibao cha chini kinachobeba kiganja, hii inasogeza mgongo wake. Kila skrubu ina mistari na namba pembeni. "Mpini mmoja, watu wote," Ndung'u akasema. Hakusema kwa ubaya. Ndung'u ni mtu mzuri ila mdomo wake unatangulia.

Nilimtazama mume wangu. Akasema, "Hiyo ni mpini ya jembe imetiwa skrubu." Mara hii hakuna aliyecheka.

Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Tulishamwona mwenye studio ya picha karibu na stendi akifunga mlango kwa sababu kila mtu ana kamera kwenye simu. Tulishamwona fundi wa redio akigeuka kuuza viazi. Kipketer hakutia maji. Alirudi nyumbani akaanza kunoa patasi, na mimi nilijua kwamba anaogopa, kwa sababu zilikuwa kali tayari.

Ni Chesang aliyemwokoa, au ndivyo tulivyoona. Alimwambia Ndung'u atatumia bastola mpya sawa, lakini mpini ni wa Fundi. "Mkono yangu anaijua kuliko mimi," alisema. Ndung'u akakubali, kwa sababu kile kiungo kinaweza kupokea mpini wa mbao ukichongwa vizuri. Akampa Kipketer ule mpini wa skrubu aende nao nyumbani apime kiungo. Kupima kiungo ni kazi ya nusu saa. Nilimkuta amezifungua skrubu zote tano na kuzipanga juu ya gazeti, anazirudisha, anazifungua tena, anapima kwa mkono wake, anapima kwa mkono wa jirani. Nilipouliza akasema, "Napima kiungo." Siku tatu alipima kiungo! Nikamwachia.

Jumamosi moja ya mwezi wa saba Chesang akaja kupimwa. Siku hiyo nilikuwa na oda ya mandazi mia mbili ya harusi, na nikiwa na oda mimi sizungumzi na mtu vizuri. Kipketer akaita kutoka nyuma, "Mama Jepleting, unga uko wapi?" Nikamjibu bila kugeuka, "Si uko kwa beseni! Kwani huna macho?"

Mabeseni yalikuwa mawili. Alichukua kwenye lile la mandazi, na hilo nilikuwa nimeshatia hamira. Yeye hakuonja, mimi sikuangalia. Chesang akashika donge, akanyoosha mkono, akavuta pumzi tatu, akaachilia, akaenda zake Kamere. Kipketer akaliweka donge juu ya boriti, na mchana huohuo akaletewa kazi ya jeneza ya haraka, hakuliangalia tena hadi Jumatatu.

Jumatatu asubuhi akalishusha. Nakumbuka alikuja nalo hadi jikoni amelishika mbele yake.

"Chesang amenenepa?" aliuliza.

"Anakula vizuri," nikasema. "Muache."

Akachonga. Wiki mbili, kila siku baada ya kazi za watu. Ulikuwa mpini mzuri kuliko yote, na sisemi kwa sababu ni mume wangu. Mistari ya mutamaiyo ilipita chini ya kidole gumba kama imechorwa. Chesang aliposhika akakunja uso kidogo akasema, "Imejaa mkono." Ndung'u akasema modeli mpya ndivyo zilivyo, atazoea. Na kwa kweli kila kitu cha bastola ile kilikuwa kigeni, triga haibani kama ya zamani, uzito uko mahali pengine, sasa ungejuaje kwamba huu ugeni ni wa kiwanda na ule ni wa jiko langu? Alizoea. Mwanzo wa mwezi wa nane alipiga mazoezini mia tano hamsini na nane.

Kitu kimoja tu. Mchezo huu una sanduku la ukaguzi. Bastola nzima, na mpini wake, lazima iingie ndani ya sanduku lenye upana wa sentimita tano bila kulazimishwa. Isipoingia, hupigi. Sanduku lenyewe liko Nakuru kwa waamuzi. Ndung'u aliuliza, "Mzee, upana umepima?" Kipketer akamjibu, "Miaka ishirini mipini yangu inaingia. Mkono wa Chesang utajaza sanduku tangu lini?" Na Ndung'u akayaacha hapo, maana mume wangu ni mkubwa wake kwa umri.

Majaribio yalifanyiwa ukumbi mmoja karibu na uwanja wa shoo. Mimi nilipewa meza ya chai nje ya mlango. Chesang alifika na gari la klabu, amevaa viatu vyake bapa vya kupigia, hata mandazi hakutaka. Zamu yake ilikuwa saa nne na nusu. Saa tatu na dakika arobaini na tano akapeleka bastola kwa ukaguzi, mimi na Kipketer tukasimama mlangoni tuone.

Mwamuzi alikuwa mama mmoja wa miwani, mpole. Akaning'iniza kizito cha nusu kilo kwenye triga kuona kama ni nyepesi mno, triga ikakibeba vizuri. Akaweka bastola juu ya sanduku, akaiachilia taratibu. Mtutu ukaingia. Mpini ukakwama. Akaitoa, akaigeuza, akajaribu tena.

"Haiingii," akasema. "Pole. Mna muda wa kurekebisha mkarudi, lakini zamu ikianza bila kibandiko changu, huyu hapigi."

Chesang hakulia. Alikunja mikono akaificha kwapani kama mtu anayesikia baridi, akasema, "Hata alama moja sitakosa mwaka huu. Sitapiga kabisa."

Kipketer aliufungua mpini, akaja nao kwenye meza yangu ya chai, akasukuma vikombe kando, akapima. "Milimita tatu," akasema. Akapima tena. "Mimi? Milimita tatu?" Akatoa tupa mfukoni.

Mimi nilikuwa nimeshika sinia. Nikaangalia mandazi yangu, yamefura vizuri, na hapo ndipo nikajua. Ningeweza kunyamaza. Hakuna mtu angejua, na mimi si mtu wa kupenda kuonekana mjinga mbele ya watu. Lakini yeye alikuwa anajitazama mikono kana kwamba si yake, na hilo sikuweza kulivumilia.

"Baba Jepleting, ni hamira."

"Nini?"

"Ule unga uliochukua ulikuwa wa mandazi. Uliumuka kule juu ya boriti. Mkono wako haujakosea."

Alinitazama. Nilikuwa tayari kwa matusi, hata jibu nilikuwa nimeshaandaa, maana sitaki kutukanwa hata nikiwa na makosa. Akasema tu, "Na mimi niliona mkono umenenepa, nikaendelea." Kisha akaulaza mpini kiganjani akaugonga kwa ukucha pale palipozidi. Chini ya hapo, akatuonyesha, ndipo bolti inapopita. Mbao iliyobaki ni milimita nne. Akitoa tatu inabaki moja, na Chesang akishika kwa nguvu utapasuka katikati ya shindano. Akitoa upande mwingine, vidole vinahama vyote.

"Sasa tufanye nini, Fundi?" Chesang akauliza. Zilikuwa zimebaki dakika thelathini na tatu.

Kipketer aliuweka mpini wake wa mbao kando ya vikombe. Halafu akasema, "Ndung'u, lete ile ya skrubu."

Ndung'u alikuwa nayo kwenye mkoba. Aliitoa pamoja na karatasi ya maelezo iliyoandikwa Kijerumani, akaanza kuigeuza huku jasho linamtoka. "Hii nitaiset aje kwa nusu saa? Mzungu aliyeileta alisema ni kazi ya wiki." Kipketer akamnyang'anya, kwa adabu lakini akamnyang'anya. Akachukua alenki, kile kifunguo kidogo kilichopinda, akaufunga mpini huo kwenye bastola.

"Chesang, njoo. Funga macho. Shika."

Akashika. Kipketer hakutazama bastola, alitazama kifundo cha mkono wake. Akalegeza skrubu ya kwanza, akazungusha robo. "Hapa?" "Hapo." Akapandisha kile kibao cha chini. "Imenibana hapa kwa kiazi," Chesang akasema, maana hata yeye hukiita kiazi. Akashusha kidogo. Akaupinda mpini kuelekea kidole kidogo, akaurudisha nusu. Nilimwona anafanya bila kufikiri, skrubu ya pili, ya nne, ya tatu, ya nne tena, kama mtu anayesuka. Yule mwenye kupima kiungo siku tatu! Watu wa klabu nyingine walikuja kusimama nyuma yetu. Hakuna aliyenunua chai wala mimi sikuuza.

"Nyoosha. Vuta pumzi. Achilia. Shika tena."

Mara ya sita Chesang alifungua macho akaona ncha ya mbele ya kulengea imekaa katikati ya pengo la nyuma bila yeye kuisogeza. "Fundi," akasema, "imenishika." Kipketer akakaza skrubu zote tano. Sanduku likaipokea bastola, mama wa miwani akabandika kibandiko chake, na Kipketer akaangalia saa ya ukutani.

Chesang alipiga risasi sitini kwa saa moja na nusu. Mimi niliacha meza nikaingia ndani, wezi wachukue mandazi wakitaka. Ndung'u alikuwa na darubini, anatuonyesha kwa vidole kila kundi la risasi kumi. La kwanza themanini na tisa. Nikasema basi, imekwisha, nimemuua mtoto wa watu kwa hamira. La pili tisini na moja. Kipketer alikuwa amegeukia ukuta, kazi yake ni kuuliza tu, "Mkono unatetemeka?" "Hautetemeki." La tatu tisini na tatu, la nne tisini na nne. La tano tisini na tano. Katika kundi la mwisho Chesang alishusha mkono mara nne bila kupiga, anapumua, anaupandisha upya. Nilikuwa nimemshika mume wangu koti kwa nyuma na sikujua.

Karatasi za shabaha zilihesabiwa na waamuzi wawili, mmoja baada ya mwingine. Tisini na tano tena. Jumla mia tano hamsini na saba.

Alama moja juu! Chesang alikuja anakimbia na vile viatu bapa, hakumkumbatia Ndung'u, hakunikumbatia mimi. Alimshika Kipketer mkono wa kulia kwa mikono yake miwili akalia juu yake. Mimi nililia pia, kwa furaha na kwa aibu, siwezi kutenganisha. Kipketer alimwambia, "Wewe umepiga. Mimi nimekaza skrubu." Halafu akaniambia mimi peke yangu, kwa sauti ndogo, "Dakika kumi na saba. Niliangalia saa. Wiki mbili za patasi, na hii dakika kumi na saba."

Nikaenda kukusanya vikombe.

Tulikuwa tunakunja kitambaa cha meza Ndung'u alipokuja na daftari, amefurahi hadi hajui mahali pa kuweka uso. "Mzee, niandikie hizo namba za Chesang, zile ziko kando ya skrubu. Na uniandikie vile unatafuta ya mtu mwingine, unaanza na gani, unamaliza na gani. Nikiwa nayo sitakusumbua tena."

Sitakusumbua tena! Nilitaka kumwagia chai iliyobaki. Nilimvuta mume wangu kando nikamwambia kwa Kiswahili cha nyumbani kwamba asiandike. Mwambie umesahau. Mwambie ni kazi ya mkono haiandikiki. Miaka ishirini ya kushika mikono ya watu, leo uiweke kwenye karatasi moja umpe mtu bure, na kesho nani atakuja kupiga hodi pale kwetu?

"Chesang anaenda mashindanoni ng'ambo mwezi wa kumi," akasema. "Skrubu ikilegea huko, mimi sitakuwa huko."

Akaomba kalamu. Aliandika amesimama, daftari juu ya beseni langu lililofunikwa, kwa zile herufi zake kubwa za fundi. Namba tano za Chesang. Kisha chini yake: anza na kibao cha chini, mtu afunge macho, tazama kifundo si bastola, usikaze kabla hajashika mara sita. Alijaza ukurasa mzima. Akausoma tena, akaongeza neno "asubuhi" akalipigia mstari, akampa.

Ndung'u akatoa simu yake akaupiga picha ule ukurasa palepale, akautuma kwa grupu ya klabu kabla hajafunga daftari. Simu ya Chesang ikalia, na za wengine waliokuwa wamesimama mlangoni, moja baada ya nyingine. Na ya mume wangu pia ikalia mfukoni, maana naye yumo kwenye hiyo grupu. Aliitoa, akautazama mwandiko wake mwenyewe, akairudisha, akabeba beseni.